Mawimbi Yaliyotoka Sokoni

Shoga, bosi ametuaibisha mbele ya wajenzi wa bandari, hata sijui nicheke au nilie!

Kaonyesha modeli yake ya mawimbi kwenye skrini, kifua mbele: "Ukuta wetu umefaulu. Hakuna wimbi linaloingia bandarini!"

Nahodha mmoja akauliza taratibu, "Mbona mawimbi yanatoka sokoni yanaelekea baharini?"

SOKONI, shoga! Palipotakiwa upande mawimbi yanakotoka, yeye kajaza upande yanakokwenda. Nilimwambia mwezi uliopita, akanijibu, "Wewe chora grafu tu."

Mtu mzima, ana udaktari wa hisabati, hajui bahari iko upande gani!

Wiki jana alifuta jina langu kwenye ripoti ya modeli hiyo, akabakiza lake tu. Sasa hivi kaniandikia: "Mdogo wangu, jina lako nimelirudisha. Liko peke yake."