Mara Moja Inamutosha

Dada Furaha,

Chai ya hapa Paris ni maji ya kuoshea sahani, lakini Dieudonné wangu ameshinda mechi yake ya kwanza ya tenisi ya viti vya magurudumu, ku mashindano kubwa kabisa! Mpira iligonga chini mara mbili, muzungu mwenye alicheza naye akairudisha. Nikasimama: «Mwizi!» Mama moja kando yangu akacheka: «Wenye viti wanaruhusiwa mara mbili.» Nikamujibu na Kifaransa yangu ya darasa ya tano: «Hiyo ni ya wavivu wenu. Wangu, mara moja inamutosha.»

Ambia bwana yako, mwenye alisema mikono ya mutoto ni ya kusukuma tu kiti yenye magunia ku duane, forodha ya mupaka ya Aru: magunia ya Aru ndiyo iliikomaza ile mikono. Nakukumbatia, weye na watoto. Bwana yako, yeye atabeba kiti ya Dieudonné siku tutashuka ndege.

Mama Dieudonné