Kifyatulio Nilichomchagulia Leland

Mheshimiwa Mwenyekiti Thorvald, wazee wa chama chetu cha upinde, wanachama wenzangu, nawe mdogo wangu Leland,

Naandika kwa kuwa sina uso wa kusimama mbele yenu. Kulungu aliyejeruhiwa Novemba hakupotea kwa kosa la Leland. Kifyatulio cha kuachilia uzi wa upinde kwa kidole gumba nilimchagulia mimi, tukakijaribu dukani bila glavu, nami nikakilegeza kiachie kwa mguso mdogo.

"Kaka, hiki kitaniponyoka!"

"Acha uoga, bi harusi we!" nikamcheka.

Kwenye theluji, glavu yake nene ilikigusa tu, mshale ukatoka kabla hajalenga. Mlipomnyang'anya jukwaa lake la kuwindia, nilinyamaza.

Najuta. Mrudishieni jukwaa lake leo, mchukue langu.

Wenu,
Orrin Haugland