Kengele ya Ng'ombe wa Mama Ester

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimewahi studio leo. Maiki ya pili bado inakwaruza. Nimeizungushia selotepu, imetulia. Wagombea wawili wa uenyekiti wamekuja, wakazozana hewani kuhusu nani alichimba choo cha shule. Nimecheka mpaka nikasahau kusoma matangazo ya vifo. Dada Tabitha, meneja wetu, akanifokea kupitia kioo: "Jofu, marehemu hasubiri umalize kucheka!" Kweli.

Uchaguzi wa vijiji unakuja, kila mtu anataka asikike. Simu haziishi. Napenda hii kazi mpaka naogopa. Sijasomea. Fomu foo nilitoka na sifuri, mengine yote nimejifunza kwenye simu, kuhoji, kuediti, mpaka namna ya kupumua mbele ya maiki. Sasa nikiomba sukari dukani mtu anageuka: "We si Jofu wa asubuhi?" Najisikia mkubwa. Niandike tu ukweli, najisikia mkubwa sana.

Kesho Chidungwe. Kuna mama ana jambo.

Jumanne, 8 Oktoba

Bodaboda mpaka Gulwe, unavuka reli, halafu vumbi mpaka unafika. Mama Ester. Mjane. Mume amemwachia ng'ombe wachache na nyumba ya tembe. "Mbukwa," nikamsalimia. Kigogo changu kinaishia hapohapo. Mimi mtoto wa fundi ujenzi, baba alikuja Dodoma akifuata majengo ya serikali. Kwetu hatujawahi kufuga hata kuku.

Jambo lenyewe: lambo la kijiji, bwawa la kunyweshea mifugo. Mwenyekiti amemruhusu rafiki yake, mtu wa kuja, afunge pampu amwagilie nyanya. Hakuna mkutano uliokaa. Ng'ombe wa wanakijiji wamepangiwa zamu, na zamu ikifika wanakuta tope. Amesema yote taratibu, hajamtukana mtu. Moto! Kwa furaha nilishika rekoda kwa mikono miwili.

Sharti lake moja tu. Asijulikane. "Zamu za maji ni za mwenyekiti, mwanangu. Akinijua, wanyama wangu wanakufa." Nikaapa kwa Mungu.

Ng'ombe wake walikuwa nyuma yetu zizini. Anayeongoza kundi ana kengele ya chuma shingoni, kila akitikisa kichwa inalia. Mama Ester akauliza awatoe kwanza? Nikamwambia, "Waache tu mama, inapendeza. Mashine yangu inafuta chochote nisichokitaka." Akaniangalia kidogo. "Haya. Nyie ndio mnajua."

Jumatano, 9 Oktoba

Kuediti kutwa. Sauti yake nimeishusha mpaka imekuwa ya mwanaume mwenye mafua. Hata aliyemzaa asingemjua. Jina nimekata. Kijiji nimekata. Mahali aliposema "marehemu mume wangu" nimekata. Nimekuwa makini kuliko siku zote.

Kengele nimeiacha. Nilijaribu kuipunguza, maneno yakawa makavu, kama mtu anaongea akiwa kwenye ndoo. Na kengele ndiyo tamu yenyewe. Unafumba macho unaliona zizi, unasikia harufu. Nimesikiliza tena na tena, vinyweleo vimesimama. Dada Tabitha akauliza aisikilize kabla? Nikamwambia niamini, dada, hii ni bomu. Alikuwa na wageni wa halmashauri. Akaniamini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Imeruka asubuhi. Simu zikafurika. Mmoja akapiga kutoka Mlali, mfugaji, baba wa watu ana furaha zake. "Jofu! Hiyo kengele naijua! Hiyo ya marehemu Chilewa wa Chidungwe! Ilifuliwa na mhunzi, chuma nene, mnada mzima haikuwa na mwenzake. Kumbe ng'ombe wake bado wapo kwa mjane? Wasalimie sana!"

Na mimi nikacheka. Nikasema, "Aisee, hayo ndiyo masikio! Hongera sana baba!" Nikabonyeza yale makofi ya kompyuta. Watu wanashangilia, fiii, fiii. Hewani. Nilimpigia makofi.

Nilielewa muziki ulipoanza.

Dada Tabitha aliingia, akafunga mlango taratibu, na ndiyo mbaya kuliko kufoka. Yeye Mgogo wa hukuhuku. Akasema, "Mtoto anayechunga mbuzi anajua kengele ya kila zizi. Akipoteza mnyama porini anamtafuta kwa sikio. Wewe umekata jina ukaacha kengele." Akakaa. "Na mimi sikusikiliza," akasema. Lakini hakuwa yeye. Mimi ndiye niliyemwambia aniamini.

Simu ya Mama Ester haipatikani. Nimepiga mpaka nimeona aibu kupiga.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amepiga mwenyewe, kwa simu ya jirani. Jana ilikuwa zamu yake. Alipofika na ng'ombe, mgawa zamu wa mwenyekiti akamwambia jina lake limesahaulika, asubiri wiki ijayo. Walikuwa wamesimama pale wanaiona pampu inanguruma. Wakarudi na kiu.

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Nilikuuliza, mwanangu," akasema. Basi. Akanishukuru kwa kupokea simu, akakata.

Sijala.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwenyekiti wa Chidungwe amekuja redioni mwenyewe na watu wake wawili. Shati jeupe, soda mkononi, mpole. Anataka ushahidi, la sivyo anatushtaki, na leseni yetu tuiage. Dada Tabitha amehangaika na simu muda mrefu. Baadaye akaniita. Wazo lake: tuseme lilikuwa igizo. Sauti ni ya msanii, kengele tuliitoa kwenye maktaba ya sauti. Mwenyekiti atapoa, redio itapona, na Mama Ester atakuwa hajasema kitu. "Unamtoa motoni," akaniambia.

Nililipenda hilo wazo. Aibu yangu ndiyo hiyo. Nililipenda kama mtu aliyetupiwa kamba. Nimeandika tangazo mwenyewe, nikalisoma mwenyewe, sauti yangu nzuri ya asubuhi. "Tunapenda kuwafahamisha wasikilizaji wetu wapendwa." Limerudiwa mchana kutwa.

Mama Ester hatukumuuliza. Halikutujia hata kichwani.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani nimekaa nyuma. Mzee mmoja kanishika bega, "Kumbe mlituigizia! Nyie vijana nyie!" Anacheka. Nikacheka naye.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkutano mkuu wa kijiji, Chidungwe. Nimeenda na rekoda, nikajibanza kwa nyuma kwenye ukuta wa ofisi. Nilitaka kuona kama Mama Ester amepona.

Mwenyekiti hakupoteza muda. Akaweka simu kwenye kipaza sauti. Nikajisikia mwenyewe, lile tangazo. Tunapenda kuwafahamisha wasikilizaji wetu wapendwa. Sauti yangu imejaa uwanja mzima, inaenda mpaka kwenye mibuyu inarudi. "Redio wenyewe wamekiri," akasema. "Ni igizo. Sasa nani mwenye tatizo na lambo?"

Mama Ester akasimama. Kumbe alikuwa ameshaamua. Siri ilishatoka, akaona bora aongee mwenyewe. Alikuwa amewapanga na wanawake wenzake wamuunge mkono. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema. Sikuigiza. Lambo ni letu wote." Kijana mmoja wa mwenyekiti akapiga mluzi: "Mama Ester siku hizi msanii! Filamu inatoka lini?" Uwanja ukacheka. Hata watu wazuri walicheka. Nikawaangalia wale wanawake wenzake. Mmoja anafunga khanga upya. Mwingine anamfuta mtoto kamasi. Hakuna aliyesimama. Nani asimame nyuma ya mtu ambaye redio imesema ni igizo?

Aliniona. Nina hakika. Macho yakapita kwangu, yakaendelea. Angeweza kunionyesha kidole, huyu hapa, muulizeni huyu. Hakunionyesha.

Nikanyoosha mkono. Nimechelewa lakini nimenyoosha. Mwenyekiti akatabasamu. "Kijana, wewe ni mkazi wa Chidungwe?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Huu ni mkutano wa wakazi. Kaa chini, tuheshimu utaratibu."

Nikakaa. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ninayejiita sauti ya wasio na sauti, nimeambiwa kaa, nikakaa. Ajenda ikafungwa. Wakahamia kwenye ajenda ya madawati ya shule.

Mama Ester aliondoka peke yake. Nilitaka kumkimbilia. Sikwenda.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimempigia kabla ya kipindi. Nimejifunza angalau hilo, kuuliza. Jirani kampelekea simu zizini. Nikamwamkia, shikamoo mama. Marahaba. Nikasema nataka kwenda hewani niseme ukweli wote, naomba ruhusa ya kutaja jina lake.

Nikasikia anamfukuza ndama.

"Langu nimeshalitaja mwenyewe, mbele yao wote. Wewe taja lako."

Nikaingia hewani, nikataja. Sio Jofu wa asubuhi. Jofrey Elia. Nikasema sauti ile ni ya kweli na niliirekodi mimi, zizini, kwa mkono wangu. Nikasema niliahidi kumficha nikamwanika kwa sababu nilipenda mlio. Nikasema nilimpigia makofi aliyeitambua kengele. Nikasema igizo ni tangazo langu la Jumamosi. Sikulia, lakini sauti ilikuwa mbaya, inakatika, kama ya mtoto anayesingiziwa. Tofauti ni kwamba sikusingiziwa.

Dada Tabitha alisimama nyuma ya kioo muda wote. Mkono wake ulikuwa kwenye swichi. Hakuizima. Nilipotoka akauliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. "Nipe ufunguo wa studio." Nikampa. Akasema sijui kama kesho tutakuwa na redio, Jofu, kuna watu wanakula kwa hii redio. Ni kweli pia. Sikuwafikiria hao nao. Kila nikirekebisha jambo kuna mtu nimemkanyaga.

Alhamisi, 17 Oktoba

Meseji zimejaa. Jofu shujaa. Jofu tuko nyuma yako. Jofu gombea udiwani. Mmoja kaweka moyo mwekundu na bendera. Wanaisambaza ile klipu yangu, inasikika hadi gengeni.

Wanamshangilia aliyechoma nyumba kwa sababu amekuja na ndoo ya maji. Nilimjibu mmoja, nikamwambia muulizeni Mama Ester kama ng'ombe wamekunywa. Nikazima simu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Redio ipo hewani. Hamisi wa mitambo anasoma matangazo ya vifo, anayasoma vizuri kuliko mimi, hana haraka.

Habari za Chidungwe: wanawake wawili walienda jana ofisi ya kata, wakiwa na Mama Ester. Wameambiwa mtu atakuja kuangalia lambo. Lini, hawakuambiwa. Pampu bado inafanya kazi. Zamu yake bado "imesahaulika."

Mama yangu kauliza kwa nini nipo nyumbani. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchicha. "Na huyo mama umemwomba radhi?" Nikasema hewani, ndiyo. "Mimi nimeuliza kama umemwomba yeye."

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeenda bila rekoda. Nyumbani hayupo, jirani akanionyesha korongoni. Huko mto ulikauka zamani, ni mchanga mtupu, lakini ukichimba chini kuna maji. Alikuwa ameshafika kiunoni ndani ya shimo, anatupa mchanga nje kwa sufuria bovu.

Nikapiga magoti pale ukingoni. Nikasema mama, naomba unisamehe. Nilikuwa nimepanga mengi, yakaisha kwenye hayo.

Hakuacha kazi. Akasema, "Nimekusikia." Sijui maana yake ni nini. Sikuuliza. Akatoka shimoni, akanipa sufuria.

Nikachimba. Kazi ngumu, mchanga unarudi kila ukiutoa, kuta zinabomoka, unaanza upya. Viganja vimechubuka. Yeye anapanga mawe na matawi pembeni ili ukingo usianguke. Upande wa pili wa korongo wanawake wawili walikuwa na shimo lao, mmoja ni yule wa khanga. Akanisalimia kwa kichwa, nikamwitikia.

Maji yalikuja kidogokidogo, rangi ya chai ya maziwa. Unangoja yatuame, unachota, unangoja tena. Tulijaza birika la kunyweshea lililochongwa kwa mti, likafika nusu. Ng'ombe walikuwa wamesimama mbali, mbavu zinahesabika, wananusa lakini hawasogei.

"Wanakuogopa," Mama Ester akasema. "Hawakujui. Kaa kule."

Nikaenda kukaa kule, kwenye mchanga, mbali, mgongo nimewapa. Nikasikia wanakuja.

Wakanywa.