Fundo la Mama

Mjukuu wangu Kemunto,

Hapa Magwagwa hatujambo. Kikohozi cha babu yako kimepoa, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama kukausha mboga kuna faida, na sokoni zimejaa tele.

Uhuru ukiwa bado mchanga, mama yangu alitutoka. Kiangazi kilipofika nilishusha kapu lake darini, nikakuta chinsaga, ile mboga yetu chungu, aliyoianika mwenyewe na kuifunga kwa kamba ya mgomba. Nikashika kisu. Baba akanizuia: "Usikate. Fundo hilo alilifunga yeye."

Akalifungua polepole. Niliipika kwa maziwa, tukala. Mama alikuwa kaburini, na bado alikuwa anatulisha.

Kifurushi kilichokuja na barua hii ni mboga yako. Usikate kamba, nimeifunga mimi.

Nyanya yako