Tete la Kupimia Mashamba

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Natumai u mzima huko unakosomea sheria. Sisi hapa Ozi hatujambo. Bibi yako anakusalimu, na mto umejaa tena.

Umeniandikia kwamba neno "kanuni" tulilipata kwa Waarabu, nao kwa Wayunani, ambao mwanzo waliliita hivyo tete la kupimia, kabla halijawa sheria. Wauliza kama naamini. Naamini, na tangu barua yako ifike sijatulia.

Miaka ya hamsini, mafuriko yakifuta mipaka ya mashamba ya mpunga, tulikata tete moja, na kila nyumba ikapimiwa matete kumi. Mwaka niliooa, mpimaji nilikuwa mimi. Nilipomaliza shamba la baba, tete likavunjika. Nikakata jingine haraka haraka, maana mchumba alikuwa akiningoja Kipini. Lilipungua shibiri nzima. Nililiona, nikampimia nalo jirani yetu Bi Halima, mjane.

Harusini kwangu alileta kapu la mchele wa shamba lile lile. Akaniambia, "Mwanangu, ulinipimia vyema."

Wali wake haujanishuka kooni hadi leo.

Babu yako