Mabua ya Bibi Mwanaidi

Jumanne, 9 Septemba
Nimepukuchua mahindi tangu asubuhi. Mgongo hoi. Bwana shamba kapiga simu: Jumamosi wanakuja wageni kutuuliza sisi wakulima wa mahindi tunaelewaje kilimo cha kuhuisha udongo. Wataanzia kwangu, mkulima wa mfano wa Kwedizinga. Mfano gani! Mwezi uliopita niliwafungulia Wamasai shamba, ng'ombe wao wakala mabua yote, mimi nikapata mbuzi. Shamba jeupe pe.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekwenda kwa jirani yangu, Bibi Mwanaidi. Nikamwambia shamba lake chafu, mabua yamezagaa, nitamsafishia. Kwetu mabua yakilala shambani watu husema mwenye shamba mvivu. Yeye miguu imechoka, maneno hayo yanamuuma. Alifurahi, akanipa maboga mawili. Mikokoteni mitatu ya mabua, yote nimeyatandaza kwangu. Na maboga nimepokea. Sina haya mimi.

Jumamosi, 13 Septemba
Wageni wamekuja. Kila mkulima kasema lake. Mmoja: ni kuacha mbolea ya dukani. Mwingine: ni kutochoma moto shamba. Mzee mmoja wa Segera akasema ni kilimo cha babu yake kimepewa jina jipya, watu wakacheka. Mimi nikatoa ya semina ya Korogwe: udongo usikae uchi, mabua ndiyo blanketi lake. Makofi.

Kisha Bibi Mwanaidi akasimama na fimbo yake. "Mimi semina sijaenda, wanangu. Naona ni kusaidiana tu. Huyu kanisafishia shamba zima, wala sikumwomba."

Makofi tena. Bwana shamba akayatazama mabua yangu, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Kajua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 14 Septemba
Mke wangu kapika maboga. Nimesema tumbo linauma. Uongo mwingine.

Jumanne, 14 Oktoba
Mvua ya kwanza ya vuli, kubwa. Kwangu maji yamezama taratibu. Kwa Bibi yametimka na udongo hadi barabarani, mekundu. Mahindi aliyopanda kwenye vumbi wiki iliyopita, akingojea mvua, yamekwenda nayo. Nimesimama mpakani, nimelowa chepechepe. Ni mimi. Hakuna wa kumsingizia.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimemwambia. Yote, nimepiga magoti. Hakugomba. Afadhali angenitukana. Kauliza kitu kimoja tu: "Kumbe hayakuwa uchafu?"

Nikasema hayakuwa uchafu, bibi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimerudisha mabua. Mengi yameanza kuoza, yanakatikia mkononi. Nimeyatandaza, nimempandia upya kwa mbegu yangu. Yeye katoa kigoda, kakaa kando ya shamba, ananitazama mstari kwa mstari.

Jioni nimepita mbele yake na jembe. Shikamoo, bibi. Hakuitikia. Nikasubiri kidogo, kisha nikaenda nyumbani.