Iliki Katika Vikeki vya Welisi

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu kutoka Guangzhou. Najua unacheka kuitwa mjukuu na mtu wa miaka thelathini na mbili, lakini bibi yako ni dada yangu, basi vumilia. Mwanangu Nia hajambo, ameng'oka meno mawili.

Umeniuliza kwa nini bado nasherehekea sikukuu ya Welisi, nchi ya mume wangu, ilhali mwenyewe ametangulia mbele ya haki.

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilimpikia vikeki vya kwao juu ya chuma cha chapati. Kwa mazoea nikatia iliki. Alivila vyote, akaomba vingine.

Mwaka huu niliogopa Nia atamsahau baba yake. Tukakata maua ya karatasi ya manjano, kama wafanyavyo kwao siku hiyo, nami nikafuata maelekezo ya mama mkwe bila kuongeza kitu. Nia akauma kikeki, akakirudisha.

"Mama, hivi si vya Baba."

"Ndivyo vya kwao hasa."

"Vya Baba vinanukia."

Nikatwanga iliki. Harufu ilipomfikia, akaanza kunisimulia habari za baba yake, hata zile nilizokwisha kuzisahau.

Mwambie bibi yako iliki aliyotuma imekwisha.

Bibi yako mdogo